Faili la Mlinzi



Juma hili nilikuwa nimekusudia kuendelea na mada tuliyoianza juma lililopita. Nimeiweka kando kwa sababu ya swali nililoulizwa ofisini kwangu na binti mmoja wa Ganako, mwanafunzi wa Chuo Kikuu Mzumbe, anayesomea usimamizi wa rasilimali watu. Amenipa ruhusa ya kuyaandika haya kwa masharti matatu: nisimtaje jina, nisiitaje kampuni, wala nisimfanye shujaa. Masharti mawili ya kwanza ni mepesi.

Kwa msomaji asiyepajua kwetu, Ganako ni kata mojawapo ya wilaya ya Karatu, na Karatu ndiko wanakolala watalii wengi kabla ya kupanda hadi lango la Lodoare na kuteremka katika kreta ya Ngorongoro. Watu wetu ni wakulima wa mahindi, maharage, ngano na mbaazi. Lakini fedha ya ada, ya bati na ya hospitali, kwa kaya nyingi, hutoka katika mshahara wa mtu mmoja aliyeajiriwa: mpishi wa hoteli, mtunza bustani, dereva, mlinzi, mchuma kahawa katika mashamba makubwa ya kuelekea Oldeani. Kwa hiyo ofisi inayoajiri na kuachisha kazi ina uzito mkubwa hapa kwetu kuliko hata ofisi ya paroko, na watu huitaja kwa sauti ya chini.

Binti huyu alimaliza mwaka wa pili, akatakiwa kwenda kwenye mafunzo kwa vitendo, ambayo wanafunzi wenyewe huyaita fildi, kwa muda wa wiki nane. Wazazi wenye watoto vyuoni wanaijua taabu yake. Mwanafunzi hupewa barua ya chuo, kisha huzunguka ofisi hadi ofisi akiacha nakala kwa makarani, na mara nyingi hapati jibu. Yeye alizunguka Karatu na Arusha mwezi mzima. Mwisho mama yake alinijia baada ya Misa ya pili akaniomba niandike barua, nami nikaandika. Meneja wa kampuni moja kubwa, yenye hoteli na shamba, nilikuwa nimembatizia mtoto mwaka uliotangulia, na barua yangu ilijibiwa kwa siku tatu. Baadaye nilikuja kusikia kwamba vijana wengine wawili wa kata hiyohiyo walikuwa wamepeleka maombi yao mahali palepale miezi miwili kabla. Wao hawakuwa na paroko wa kuwaandikia. Hilo nilipaswa kulifikiria kabla ya kushika kalamu, na sikulifikiria.

Alipofika kazini alipelekwa masijala. Jumapili ya pili nilimwuliza amejifunza nini. “Kupanga mafaili na kuchemsha chai, Baba,” akasema akicheka. Nami nikacheka, maana nilikumbuka mwaka wangu wa uchungaji, nilipotoka Seminari Kuu ya Kibosho nikiwa nimejaa falsafa mpaka masikioni, nikakabidhiwa funguo za stoo na kazi ya kuhesabu magunia ya mahindi ya zaka.

Lakini mafaili nayo yana elimu yake. Msimamizi wake alikuwa mama mmoja wa makamo, mzoefu wa kazi hiyo, ambaye tangu siku ya kwanza alimkataza kusema “faili namba fulani” kabla ya kutaja jina la mwenye faili. Alimwonyesha jinsi ya kulisoma. Faili nene ni la mtu aliyeugua akarudi, aliyejifungua, aliyeonywa, aliyepelekwa kozi, aliyepandishwa daraja. Lina barua zake, vyeti vyake na fomu zake za likizo. Faili jembamba ama ni la mgeni, ama ni la mtu ambaye kampuni haijapata kumwangalia. Alimfundisha pia kuhakiki namba za uanachama wa NSSF tarakimu kwa tarakimu, kwa kuwa tarakimu moja ikikosewa, michango ya mtu inaweza kwenda isikomfikia, na pengine mwenyewe asijue hadi uzeeni. Binti alipoyasimulia haya nilimwona mama yule kama mwalimu wa kweli, na bado namwona hivyo pamoja na yale nitakayoyaeleza punde.

Hapa niruhusiwe kuchepuka kidogo. Mimi silipendi sana jina la fani hii. Zamani tukisema “ofisi ya utumishi”, na mkuu wake alikuwa “ofisa utumishi”. Sasa tunasema “rasilimali watu”. Rasilimali ni neno lenye asili ya Kiarabu, maana yake kichwa cha mali, yaani mtaji. Mtaji huwekezwa, huzungushwa, na usipozaa huondolewa. Nilimweleza binti fikra zangu hizo kwa kujiamini kabisa. Akanijibu kwa adabu kwamba mtumishi naye anaweza kudhulumiwa akiitwa mtumishi, na kwamba wao darasani hubishana zaidi juu ya mikataba kuliko juu ya majina. Nikanyamaza.

Jambo jingine alilolichukulia kwa uzito ni siri. Majina, mishahara, magonjwa na maonyo ya watu yalipita mikononi mwake, na msimamizi alimkumbusha kwamba nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. “Ni kama maungamo, Baba,” aliniambia. Si sawasawa, lakini nilimwelewa. Katika yote aliyonisimulia hakunitajia jina hata moja.

Wiki ya tano ndiyo iliyobadili mambo. Kampuni ilikuwa ikijiandaa kwa ukaguzi. Ikaonekana kwamba wafanyakazi kadhaa wa shambani, wanaoitwa vibarua ingawa baadhi yao wamefanya kazi hapo miaka mfululizo, hawana mkataba wala karatasi yoyote yenye maelezo ya ajira yao. Fomu zikachapwa haraka. Binti akapewa fomu hizo, kalamu na pedi ya wino, akapelekwa shambani pamoja na nyapara, ili kila mmoja atie sahihi, na asiyejua kuandika atie dole gumba. Sehemu ya tarehe ya kuanza kazi ilikuwa imekwisha kujazwa katika fomu zote. Ilikuwa tarehe mosi ya mwezi uleule.

Ulikuwa msimu wa kuchuma. Akawekewa meza ndogo chini ya mti, na watu wakamjia mmoja mmoja, mikono ikinata kwa kahawa mbivu, wakiwa na haraka ya kurudi kwenye mistari yao kwa sababu wanalipwa kwa debe. Wanane walitia sahihi au dole bila kuuliza. Wa tisa alikuwa mzee. Akavua kofia, akasema, “Nisomee, mwanangu.”

Akasomewa. Walipofika kwenye tarehe mzee akamkatiza. “Hapo umekosea. Mimi nimeingia shamba hili wewe hujazaliwa.”

“Mzee, weka dole, wenzio wanangoja,” nyapara akasema.

Na mzee akanyosha mkono. Hilo ndilo lililomwumiza binti kuliko yote, jinsi alivyonyosha mkono upesi baada ya kuambiwa. Anasema wakati ule hakuwaza sheria wala chuo. Aliona aibu tu, kwa kuwa mzee huyo aliwahi kukaa sebuleni kwao siku ya msiba wa babu yake. Akafunika pedi, akasema wino umekauka, itabidi arudi kesho. Wino haukuwa umekauka. (Aliniuliza kama uongo huo ni wa kuungama. Nilimjibu, lakini jibu langu si la kuandikwa hapa.)

Ili msomaji aone kwa nini tarehe ni jambo zito, yafaa nieleze kidogo yale ambayo mimi mwenyewe nimeyajua kutoka kwa binti huyu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira yake kwa maandishi anapoanza kazi: anafanya kazi gani, wapi, tangu lini, kwa saa ngapi, kwa ujira gani. Mfanyakazi asipoyaelewa, mwajiri anawajibika kuhakikisha anaelezwa kwa namna atakayoielewa. Kwa hiyo mzee aliposema “nisomee” alikuwa anadai haki yake kisheria, ingawa hakujua. Maelezo hayo yatunzwe miaka 5 hata baada ya ajira kwisha. Na pakitokea shauri, kama mwajiri hana maandishi, ni juu yake kuthibitisha anachokisema kuhusu masharti ya ajira.

Kisha kuna kiinua mgongo. Mwajiri akimwachisha kazi mtu aliyemtumikia miezi 12 mfululizo au zaidi, na si kwa utovu wa nidhamu, humlipa mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, hadi kufikia miaka 10. Tuseme mzee wetu analipwa shilingi 10,000 kwa siku. Kwa miaka yake, ambayo ni zaidi ya 20, angehesabiwa miaka 10, yaani siku 70, yaani shilingi 700,000. Kwa tarehe iliyoandikwa katika fomu ile, kama angeachishwa miezi sita baadaye, asingepata kiinua mgongo hata senti moja. Shilingi 700,000 si utajiri. Kwa nyumba ya Ganako ni mbegu, mbolea na ada ya muhula, na ni muda wa kutafuta kazi nyingine bila kuuza ng'ombe.

Mambo haya si ya kinadharia kwetu. Mwaka 2019 nchi yetu ilipokea watalii zaidi ya milioni 1.5, mwaka 2020, kwa sababu ya ugonjwa wa Uviko-19, walishuka hadi takriban 620,000. Takwimu hizo zilifika Karatu kwa miguu. Barabara ya kwenda Lodoare ilikuwa kimya, na asubuhi nikitoka kanisani niliwakuta wanaume wamekaa kwenye ngazi za ofisi ya parokia, watu ambao sikuwa nimewaona siku za kazi hata mara moja. Tuligawa mahindi tuliyokuwa nayo. Niliandika barua nyingi za kuwaombea msaada. Katika barua zote zile sikumwuliza mtu hata mmoja kama alikuwa na mkataba, alianza kazi lini, na kama anajua kwamba malalamiko ya kuachishwa kazi isivyo halali yanatakiwa kufikishwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Nilikuwa na huruma nyingi na maarifa haba.

Turudi kwa binti. Alirudi ofisini na fomu zake. Msimamizi ndiye ambaye angejaza karatasi ya tathmini inayopelekwa chuoni, na alama za fildi huingia katika matokeo ya mwaka. Mwanafunzi wa wiki tano, aliyeingia kwa barua ya padre, hana sauti ya kumwambia mtu mzima kwamba fomu zake zina tarehe ya uongo. Alikaa na jambo hilo usiku kucha, na asubuhi akalisema.

Mama yule alifunga mlango. “Unadhani mimi sikuziona hizo tarehe?” akamwuliza. Kisha akamweleza mambo ambayo binti hakuniambia yote, ila nilielewa kwamba mama mwenyewe yuko kwenye mkataba wa miaka miwili unaokaribia kwisha, na ana watoto wawili sekondari. Wakakaa kimya. Halafu mama akatoa funguo ya stoo ya nyuma, akamwambia kwamba huko kuna vitabu vya zamani vya mishahara, na kama angeweza kuyapata majina ya watu wale humo, yeye angekuwa na kitu cha kumpelekea meneja. “Mimi siwezi kwenda kwake na maneno,” alisema. “Nipe karatasi.”

Siku tatu binti alishinda kwenye vumbi. Vitabu vingine vilikuwa vimeliwa na panya, vingine vimelowa. Mzee wa dole alionekana katika kitabu cha zamani sana, jina lake limeandikwa kwa herufi za mkono wa karani fulani aliyependa kupamba herufi kubwa. Wengine walionekana, wengine hawakuonekana kabisa. Waliokuwa wagumu zaidi ni wanawake wachumaji, kwa sababu kwa miaka mingi waliandikwa jina moja tu, au hawakuandikwa isipokuwa idadi ya madebe. Meneja alikubali kusahihisha tarehe za wale waliopatikana vitabuni, wakiwamo baadhi ya wale wanane wa mwanzo. Wasiopatikana walitia dole kwenye tarehe mosi.

Nilipofika hapo katika kumsikiliza nilikumbuka neno “manamba”. Wazee wetu waliliunda kwa ajili ya watu waliochukuliwa kwa mikataba kwenda mashamba ya mkonge wakati wa mkoloni, kila mmoja na namba yake. Na tangu mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge walikuwa na chombo chao maalumu cha kuwakusanya, kilichoitwa SILABU. Pia palikuwa na kipande, kadi ambayo siku za kazi ziliwekewa alama moja moja. Manamba angalau alikuwa na namba. Mama mchumaji wa kahawa aliyehesabiwa kwa madebe hakuwa hata na hiyo.

Karatasi ya tathmini ilijazwa vizuri. Alipata alama za juu katika uaminifu, utunzaji wa kumbukumbu na mahusiano. Mwisho kabisa, kwenye nafasi ya maoni, msimamizi aliandika kwamba mwanafunzi anahitaji kujifunza zaidi kufuata maelekezo. Binti anaamini mama aliandika hivyo ili kumlinda, endapo meneja angeisoma. Mimi sina hakika.

Sasa nifike kwenye swali. Alikuja ofisini kwangu kutumia kompyuta ya parokia kuchapa ripoti yake ya fildi, kurasa arobaini na kitu, yenye utangulizi, shukrani (nimo katika shukrani) na mapendekezo. Ilikuwa jioni. Mlinzi wetu alikuja kuuliza kama afunge geti dogo. Alipoondoka, binti aliendelea kuchapa kidogo, kisha akageuka.

“Baba, samahani. Yule mzee ana faili?”

Nilicheka. Nikamwambia kwamba yule mzee yuko hapa kabla yangu, maparoko wanne wamempita, kila mtu anamjua, anahitaji faili la nini? Nikamwambia, “Sisi hapa ni familia.”

Akainamisha kichwa, kama wanavyofanya mabinti wetu wanapotaka kumwambia mtu mzima neno gumu. “Baba,” akasema, “hata kule kampuni wanasema sisi ni familia.”

Ndugu msomaji, mimi nilisoma mafundisho ya Kanisa juu ya jamii kule Segerea. Nilifanya mtihani juu ya waraka wa Papa Leo XIII wa mwaka 1891 kuhusu hali ya wafanyakazi, na wa Papa Yohane Paulo II wa mwaka 1981 kuhusu kazi ya binadamu, na nilipata alama nzuri. Mwaka 2025, alipochaguliwa Papa Leo XIV na kueleza kwamba amelichukua jina hilo pia kwa kumkumbuka Leo XIII na swala la wafanyakazi, nilihubiri juu yake Jumapili nzima, Misa zote. Mlinzi alikuwa amesimama mlangoni akinisikiliza. Na mfano wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu nimeuhubiri mara nyingi sana, siku zote nikisifu ukarimu wa mwenye shamba. Sikuwahi kusimama kwenye jambo la mwanzo kabisa la mfano ule, kwamba kabla ya kuwapeleka shambani wale wa alfajiri alipatana nao ujira.

Usiku ule nilitafuta. Katika kabati la parokia kuna faili la bati, la saruji, la kengele, la mgogoro wa mpaka na jirani. La mlinzi halipo. La mpishi halipo. Kuna daftari la malipo ya kila mwezi, lenye sahihi zao, na humo kiasi kimeandikwa bila maelezo. Wakati wa mavuno huongezewa gunia la mahindi na maharage, kwa hisani ya parokia, yaani kwa hisani yangu, na mara mbili tatu nimechelewa kutoa hisani hiyo.

Nililipeleka jambo hili kwenye kamati ya fedha. Mhasibu wetu wa kujitolea alipiga hesabu. Mchango wa NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na katika hiyo mwajiri anaweza kumkata mfanyakazi asiyezidi nusu. Kwa watu wanne si mzigo wa kutushinda. Kilicholeta ukimya ni miaka ya nyuma. Pensheni ya uzeeni inataka michango ya miezi 180, yaani miaka 15. Mlinzi wetu ana miaka 57. Akianza leo, hadi atimize 60 atakuwa na miezi 36 hivi. Kama tungemwandikisha alipoanza, mwaka 1998, angekuwa amekamilisha miezi yake mwaka 2013, na sasa angekuwa anangoja pensheni. Mjumbe mmoja alisema kwamba wakati huo hakuna parokia jirani iliyokuwa ikifanya hivyo. Mwingine akasema katekista naye akiingizwa humu, utume utageuka ajira. Mzee mmoja, mstaafu wa serikali, aliuliza taratibu kama kuna mtu mezani pale asiyepokea pensheni au asiyeitarajia. Tukakubaliana kuwaandikisha wote wanne kuanzia mwezi unaofuata, na swala la malimbikizo, ambayo kisheria ni deni la mwajiri na lina adhabu yake, likapelekwa Halmashauri ya Walei.

Binti alitutengenezea fomu, bila malipo, siku mbili kabla ya kurudi Morogoro. Nilisema ni zawadi yake kwa parokia. Akasema chuo hawaruhusu kuiandika kwenye ripoti, ila sawa.

Tatizo likawa tarehe. Mlinzi alikumbuka tu kwamba alianza wakati wa mvua za El Nino, zilizoanza mwishoni mwa 1997 na kuendelea 1998. Katika kitabu cha kumbukumbu ya parokia niliona paroko wa wakati ule ameandika, mwezi Machi 1998, kwamba geti jipya limewekwa na kijana mmoja amechukuliwa kulilinda usiku. Jina hakuliandika. Nikajaza Machi 1998.

Nilimwita ofisini, nikamwekea fomu mezani na kalamu. Alibaki amesimama. Nilimwambia akae, hakukaa. Akaitazama ile karatasi, akanitazama mimi, akasema:

“Baba Paroko, nimekosa nini?”

Nilichukua muda kumwelewa. Katika miaka yote hiyo karatasi aliyoona watu wakiitiwa ofisini ni ya onyo au ya kuachishwa. Nilimweleza mara mbili. Nikamsomea kipengele kwa kipengele, kama inavyotakiwa. Mwisho akaomba aende nayo nyumbani mwanawe aisome. Nilitaka kumwambia hakuna haja, mimi si mtu wa kumdanganya; nikaumeza ulimi.

Alirudi nayo Alhamisi, imekunjwa vizuri ndani ya mfuko wa sukari. Alikuwa na sahihisho moja. Hakuanza Machi, alisema. Machi ni geti. Yeye alianza Januari, akilala ndani ya stoo ya saruji kulinda vifaa, kwa sababu geti lilikuwa bado kwa fundi, na miezi ile miwili hakulipwa, aliambiwa atalipwa likishawekwa.

Nimeandika Januari. Halmashauri ya Walei inakutana Jumamosi ya wiki ijayo, na miezi ile miwili nimeiongeza kwenye ajenda.